Mtani Asiyenitania

Jumanne, 17 Septemba. Makote

Nimefika. Kutoka Masasi hadi Newala godoro limekaa juu ya basi, na kutoka Newala mpaka hapa tumebanana kwenye pikipiki, mimi, dereva na godoro, vumbi likiingia hadi masikioni. Mjomba Silvesta alikuwa amesimama mlangoni kwa marehemu mama kama mwenye nyumba anayempokea mpangaji.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba." Hata pole ya safari hakunipa. "Shamba la mama yako nimelitunza tangu alipofariki. Nimelifyekea, nimelipulizia. Sasa umekuja, okota mwenyewe. Msimu huu mmoja tu. Korosho zako zikipokelewa ghalani kwa daraja la kwanza, nitakaa na ukoo, shamba ni lako. Zikikosa daraja hilo, analichukua Bernard."

Bernard ni mtoto wa mama mdogo, anakaa Mnyambe. Kwetu Wamakonde shamba linafuata upande wa mama, kwa hiyo haki anayo kama mimi. Tofauti ni kwamba yeye ana mashine ya kupulizia, ana mke na watoto wa kuokota, na hajawahi kula mkate wa kuongea kama mimi mtangazaji.

Nilimwambia mjomba kwamba ananionea. Akasema, "Miaka yote ukiwa redioni, uliuliza hata siku moja mikorosho ya mama yako inaendeleaje?" Nilikuwa na jibu kali, nikalimeza pamoja na mhogo.

Alhamisi, 19 Septemba

Kila ninayekutana naye anauliza kwa nini nimeacha redio. Wengine wanauliza kwa huruma, wengine kwa furaha ambayo hawaifichi vizuri.

Basi niandike hapa mara moja, nisirudie. Tulikuwa watangazaji chumba kizima, tukabaki mimi na Emmanuel. Emmanuel ndiye mhariri, ndiye fundi mitambo, na geti likigongwa ndiye mlinzi. Mshahara ulikuja pale ulipojisikia. Wenye maduka wamehamishia matangazo yao kwenye simu. Kilichobaki kuifanya redio isizime ni matangazo ya vifo, ambayo nilikuwa nayasoma mimi kila siku saa moja asubuhi. Siku moja mwezi Julai nilisoma vifo, nikatoka nje, nikagundua sina nauli ya kurudi nyumbani. Nilitembea kwa miguu, na kabla sijafika nilikuwa nimeamua.

Nina miaka arobaini kasoro. Sijui kushika jembe sawasawa. Naandika haya nikiwa nimekereka, na sijui nani wa kukereka naye.

Jumapili, 22 Septemba

Baada ya misa nimemsalimia mama mmoja aliyekuwa ananipa mgongo. Nilisema tu, "Habari za asubuhi, mama." Amegeuka ameshika kifua: "Nani kafa?"

Watu wamecheka. Mimi pia nimecheka, lakini njiani kicheko kimeniishia.

Jumanne, 1 Oktoba

Korosho za kwanza zimeanza kudondoka. Harufu ya mabibo asubuhi.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mikorosho yangu imepakana na ya Mama Mrisho. Jina lake Sijaona, Mmakua, kwao Lisekese, Masasi, aliolewa huku zamani na mume amekwisha kufariki. Wamakua ni watani zetu, na huyu mama ni mtani hasa. Leo mjomba amepita na baiskeli, Mama Mrisho akamwambia, "Silvesta, umezeeka mpaka baiskeli inakuonea aibu. Wewe ukifa tutakuzika na nini, wakati mdomo wako peke yake unajaza kaburi?" Mjomba, ambaye mimi sijawahi kumwona akitabasamu, alicheka hadi akashuka chini.

Nikasogea ili nami nipate langu. Nimekuwa mpweke, nilitamani hata tusi.

"Shikamoo, Mama Mrisho."

"Marahaba, mama. Hujambo? Haya."

Basi. Akainama kuokota. Mtani akiwa na adabu kwako, ujue kuna jambo.

Jumatano, 9 Oktoba

Wanawake wa kitongoji wanaokota kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wote wakiongozwa na Mama Mrisho. Wamepita mpakani kwangu wakiimba, wakaingia shamba linalofuata. Hakuna aliyegeuza shingo.

Nimeokota peke yangu. Kunyofoa korosho kwenye bibo ni kazi ya vidole, na majimaji ya ganda yananibabua. Jioni vidole vimechubuka, kalamu naishika kwa shida.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kama jana.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kama jana. Nimejikuta nausomea mkorosho taarifa ya habari.

Jumatatu, 14 Oktoba

Flora amekuja kunisaidia. Ni jirani wa upande wa barabarani, tulisoma wote darasa la tatu, na ana moyo wa kuhurumia hata mbwa wa mtu. Nikamwuliza hawa wenzake nimewakosea nini.

Aliendelea kunyofoa kwa muda. "We hujui kweli?"

"Ningejua ningekuuliza?"

"Mrisho, mtoto wa huyu mama. Alikufa Masasi kwa ajali ya pikipiki, miaka miwili sasa. Ndugu wakatuma watu waje kumwambia mama yake taratibu, kama inavyotakiwa. Gari likawaharibikia njiani. Huku tangazo limeshafika kwenu. Mama wa watu alikuwa anaanika korosho, redio iko juu ya gunia. Jina la mwanawe kalisikia kwako."

Flora akatupa bibo pembeni, akaendelea.

"Tangu hapo redio hana. Na wenzake, ukimwita mtu kwa jina asubuhi, wanaona unampeleka kaburini."

Jambo la kwanza nililohisi, na nasema ukweli kwa kuwa hapa hakuna wa kunisikia, ni hasira. Mimi nilipewa karatasi nikasoma! Kazi yangu ilikuwa kutamka majina bila kukosea. Gari bovu si langu, ndugu wenye haraka si wangu. Nimezunguka nyumba nikijitetea kwa sauti hadi kuku wameingia bandani mapema.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimejaribu kukumbuka asubuhi hiyo. Sikumbuki.

Jumapili, 27 Oktoba

Jua kali. Mjomba amekuja kukagua. Amebonyeza korosho kwa ukucha, akatikisa gunia, akasikiliza. "Hizi zimekauka. Usichanganye na mbichi." Kisha akakaa kwenye kigoda akanifundisha, bila mimi kumwomba, jinsi ya kuchambua zilizopooza, moja moja, kwa uvumilivu ambao sikujua anao. Mama alichambua hivi hivi, akasema. Alipoondoka nikaona amenikazia mlango wa stoo uliokuwa umelegea bawaba.

Nilikuja nikimwona mnyang'anyi. Mnyang'anyi hatengenezi mlango.

Jumamosi, 2 Novemba

Hakuna maji bombani. Foleni kisimani. Nilipofika wanawake wamenyamaza, kisha mmoja akanipisha mbele. Wananipisha ili niondoke upesi.

Jumanne, 12 Novemba

Emmanuel amepiga simu. Redio imepata mmiliki mpya, mtu wa Dar es Salaam mwenye mipango. Mitambo mipya, mishahara kwa wakati.

"Anakutaka wewe, Yasinta. Kasema sauti ile irudi. Jumatatu ya tarehe mbili Desemba uwe hapa."

Nikamwambia nitafikiri. Uongo. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nguo kichwani. Viatu vyangu vya kazini vimeota ukungu, nimevifuta nikaviweka dirishani.

Alhamisi, 14 Novemba

Nitakwenda.

Ijumaa, 15 Novemba

Nikienda kabla ya kupeleka korosho ghalani, Bernard atachukua shamba, na mama yangu amezikwa nyuma ya shamba hilo hilo. Siendi.

Jumapili, 17 Novemba

Flora anasema nimekuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi, nazunguka mti hadi najinyonga. Nikamjibu vibaya. Kisha nikampelekea mhogo wa kuchemsha kuomba radhi.

Ijumaa, 22 Novemba

Mawingu upande wa Ruvuma. Yamekuja, yametutazama, yameondoka. Kila mtu anaokota kama anafukuzwa. Korosho zangu za mwisho ndizo nyingi kuliko zote, na zote bado mbichi. Nimezianika uani kwenye maturubai. Zinahitaji jua la siku chache tu, kisha ghalani, kisha mjomba atimize neno lake.

Jumatatu, 25 Novemba

Mawingu tena. Upepo umebadilika. Leo nimefunika na kufunua maturubai hadi mikono imekufa ganzi, Flora akinicheka huku akinisaidia. Kesho yeye anampeleka mtoto hospitali Newala, nitabaki peke yangu.

Jumatano, 27 Novemba

Naandika ya jana. Jana sikuweza.

Asubuhi jua lilitoka safi, nikatandaza korosho zote. Nilikuwa nimemaliza nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. Msichana analia. Akasema anaitwa Maryam, yuko Lisekese, namba yangu amepewa redioni. Baba yake, mzee Alfani, amefariki alfajiri. Wanazika saa kumi jioni.

"Dada, shangazi yuko huko kwenu, Makote. Bi Sijaona, Mama Mrisho. Simu yake haipatikani. Tangazo tumeshapeleka redioni watu wasikie wawahi mazishi. Tukasema labda na wewe..." Hakumaliza. Nadhani alikumbuka ya Mrisho.

Nikamkatia simu nikampigia Emmanuel.

"Una tangazo la msiba wa Lisekese?"

"Ninalo. Linasomwa saa nne."

"Usilisome."

"Yasinta, Waislamu hawa, wanazika leo. Watu wasiposikia..."

"Dada yake hajaambiwa! Yuko hapa, na hapa kila mkorosho una redio chini yake. Niache nifike kwake kwanza."

"Mmiliki mpya anasikiliza kila kipindi."

Nikamtukana Emmanuel. Nikamtukana na mmiliki wake. Mwishoni akasema, "Saa sita. Zaidi ya hapo siwezi. Na kazi nayo sijui kama bado ipo."

Nikatazama juu. Upande wa Ruvuma kumeshakuwa kweusi. Korosho za msimu mzima zimelala uani, Flora hayupo, na kuzikusanya mwenyewe ni kazi ya asubuhi yote. Nilianza kukunja turubai la kwanza. Naandika hili kwa kuwa nilifanya: nilikunja kona moja, nikasimama, nikafikiria mtu akimpigia kelele yule mama kutoka mpakani, "Mama Mrisho! Pole, tumesikia redioni!" Nikaachia turubai.

Njia nzima nilitafuta maneno. Mimi ambaye kazi yangu ilikuwa kusema "Tunasikitika kutangaza kifo" bila kukwama, nilikuwa sina sentensi hata moja. Nilimwona mama yangu alivyokuwa akifanya, zamani, akipeleka msiba kwa watu. Hasemi mlangoni. Anakaa kwanza.

Nilimkuta Mama Mrisho amejikunja juu ya lundo la mabibo, ananyofoa. Alipoona ni mimi, mikono yake ilisimama.

Nikakaa chini, kwenye mchanga, mbele yake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikachukua bibo nikanyofoa korosho, nikaiweka kwenye ungo wake. Nikachukua lingine.

"Mama, nimepigiwa simu na Maryam wa Lisekese. Kaka Alfani amezidiwa. Wanakuita. Nimekuja tuondoke wote."

Kila mtu anajua maana ya "amezidiwa". Lakini neno hilo linampa mtu nafasi ya kusimama mwenyewe, kunawa mikono, kutafuta khanga na kufunga mlango wake akiwa bado mzima. Mimi nilikuwa silijui. Kwenye karatasi zangu halikuwamo.

Aliweka bibo chini akanitazama. "Amezidiwa," akasema.

"Amezidiwa, mama."

"Ngoja nimfunge mbuzi."

Alimfunga mbuzi. Akanawa uso. Akavaa khanga mbili, akatafuta kandambili, akafunga mlango, akarudi kuufungua kuchukua tasbihi, akaufunga tena. Mimi nikaita bodaboda. Alipokuwa tayari alisimama mbele yangu, machozi yanashuka bila sauti, akasema, "Wanazika saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Basi mwambie huyo mwenzako atangaze. Watu wawahi."

Nikapiga simu palepale. Saa sita ilikuwa bado.

Tukapakizana yeye katikati, mimi nyuma, nimemshika kiuno. Mvua ilitukuta tukiwa tunateremka kuelekea Masasi. Si manyunyu, mvua yenyewe, ile ya kufungua msimu, dereva akalazimika kusimama chini ya banda. Nilijua inanyesha na Makote. Nilijua hadi sauti inayotoa kwenye turubai. Nikalia, na Mama Mrisho akadhani namlilia kaka yake, na nadhani kiasi fulani ilikuwa kweli.

Tuliwahi. Ua ulijaa. Baada ya kuzika, wanawake tumekaa mkekani, Mama Mrisho aliniinamia sikioni.

"Siku ile, mwanangu ulimsomaje? Nilisikia jina, yaliyofuata sikuyasikia. Ulisema alikuwa nani?"

Ningeweza kutunga. Najua tangazo linavyokwenda, ningelijaza majina akaridhika.

"Sikumbuki, mama. Nisamehe. Nilisoma wengi, na yeye simkumbuki."

Nilifikiri atasimama ahame. Akakaa. Kisha akaanza kunisimulia habari za Mrisho: alivyokuwa anaogopa vyura, alivyokuwa hali maharage, alivyojifunza pikipiki kwa siri akaanguka kwenye shamba la Silvesta na kuvunja tawi, akasingizia upepo. Aliongea mpaka mwadhini akaita.

Yeye amebaki huko msibani. Mimi nimerudi leo. Korosho zinaelea uani kama maharage yaliyolowekwa.

Ijumaa, 29 Novemba

Jua dogo. Nimetandaza tena. Maganda yamepata madoa meusi. Flora amekuja amejifunika mdomo.

Jumatatu, 2 Desemba

Leo ndiyo siku ya kuripoti kazini. Nimeanika.

Jumanne, 3 Desemba

Emmanuel ametuma ujumbe kuuliza niko wapi. Nimemjibu niko shambani. Akauliza shamba la nani. Hilo nimeshindwa kujibu.

Sitaki tena kile chumba cha redio, hilo nalijua leo, na nimelijua siku ambayo sina pengine pa kwenda. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi tangu mama alipofariki.

Alhamisi, 5 Desemba

Mjomba amekuja, na Bernard nyuma yake. Niliwapa viti. Bernard hakukaa, akaenda kutazama mikorosho, akipiga mashina kwa kiganja kama mtu anayenunua ng'ombe.

Mjomba alichukua korosho moja, akaivunja, akaitazama ndani. Akavunja nyingine. Ya tatu akaishika tu mkononi.

"Hizi ni daraja la pili."

"Ni za pili, mjomba."

"Nimesikia ilivyotokea. Flora kaniambia." Hakunitazama. "Ulifanya vizuri. Lakini neno nililisema mbele ya watu, na Bernard amelisikia. Nikiligeuza leo, kesho nani katika ukoo atanisikiliza? Neno ni neno."

Nilikuwa na hasira ya kuchoma nyumba, lakini si kwake. Mzee alikuwa bado ameishika ile korosho ya tatu.

Ndipo tukamsikia Mama Mrisho kabla hatujamwona. Alikuwa ametoka Lisekese asubuhi, bado na vumbi la safari. Hakubisha hodi. Alipita katikati yetu, akavua khanga ya juu, akaitandaza chini ya mkorosho mkubwa unaotazama kaburi la mama, akakaa, akanyoosha miguu.

"Nimekamata," akasema.

Mjomba akashangaa. "Umekamata nini?"

"Shamba. Lote. Na huo mwembe, na hiyo nyumba, na wewe ukichelewa kuondoka nakukamata pia, ingawa hufai hata kwa supu."

"Mama Mrisho, haya mambo ni ya ukoo."

"Ndiyo maana kaja mtani. Nyie ukoo hamuwezi kukamatana, mnaoneana haya."

Mtani akikamata kitu cha mtani wake hakuna kukasirika wala kunyang'anya. Unakikomboa kwa anachotaka, au unakiacha mikononi mwake. Mjomba anaijua mila hiyo kuliko mtu yeyote Makote. Bernard naye anaijua. Alikuwa amerudi anasikiliza, kiganja bado kimeshika shina.

"Haya," mjomba akasema, "unataka nini tukomboe?"

Mama Mrisho akanyoosha kidole kwenye turubai. "Nataka hizo korosho. Lakini nazitaka kavu, nyeupe, kama zilivyokuwa Jumanne ile asubuhi huyu mtoto alipoziacha akaja kukaa mchangani kwangu. Nileteeni hizo, mchukue shamba lenu. Mpaka hapo nimelikamata, na nimemweka huyu alilinde."

Kisha mjomba akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka. Akajifuta macho. "Nnungu wangu. Bernard, twende. Tumekamatwa." Alipofika njiani akageuka akaniambia, kwa sauti yake ileile ya kukaripia, palizi nianze mapema, mwaka huu majani yatakuwa mengi. Bernard alinipa mkono.

Nilibaki nimesimama kama mlingoti. Sikujua nipige magoti au nimkumbatie. Mama Mrisho akanikodolea macho.

"Na wewe Mmakonde, unanitazama nini? Sauti kubwa kama ng'ombe aliyepotea, akili hamna. Mtu katoka Masasi na njaa, kakaa chini ya mti wako, hata maji ya kunywa hujampa! Mama yako alikufa kabla hajamaliza kukulea?"

Nimekwenda kubandika chai nikilia na kucheka. Kwa kiwewe nimetia chumvi badala ya sukari, na amenitukana mpaka jua limezama.